Polisi wanataka taarifa za mteja wangu na wameniambia ninyamaze: nifanye nini?

SWALI: Kamwene Wakili. Mimi ni wakala wa miamala ya simu hapa Mafinga. Wiki iliyopita walikuja vijana wawili, mmoja akanionyesha kitambulisho cha polisi, wakaniachia barua inayotaka "taarifa zote" za mteja wangu mmoja, mfanyabiashara wa mbao, kuanzia Januari: daftari la miamala, meseji za miamala kwenye simu ya kazi, na mazungumzo yangu naye ya WhatsApp. Barua ina muhuri wa kituo, lakini imesainiwa "Kny" (kwa niaba ya) mkuu wa kituo na haina namba ya jalada. Wakasema nisimwambie mtu yeyote, hata mume wangu, na kwamba watarudi Jumatatu. Je, naweza kukataa? Naweza kwenda mahakamani? Na nitajuaje kama simu yangu mwenyewe inasikilizwa? (Wakala, Mafinga)

JIBU: Kamwene dada. Tuanze na Jumatatu, maana ndiyo iliyo mlangoni. Usikatae kwa mdomo, usikabidhi kitu kwa mdomo, na usifute chochote.

Hilo la kufuta nalisema mapema kwa sababu ndilo linalowaponza wengi. Mtu anaona mazungumzo yake na mteja yana utani, yana habari za watoto, yana deni la mtu wa tatu, anaona aibu, anafuta. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 22, inafanya kufuta, kuficha au kubadilisha data kwa nia ya kukwamisha upelelezi kuwa kosa. Hapo unakuwa umetoka kwenye ushahidi na kuingia kwenye mashtaka, wewe uliyekuwa unauza vocha zako kwa amani. Kifungu hichohicho kinamwadhibu anayeshindwa kutii amri iliyotolewa chini ya sheria hiyo: faini isiyopungua shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili. Hiki si kitisho cha kwenye makaratasi. Maxence Melo wa JamiiForums, ule mtandao wa mijadala, alishtakiwa Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, Desemba 2016 kwa kutotoa taarifa za watumiaji wake ambazo polisi walizitaka, na Aprili 2020 katika mojawapo ya kesi hizo alihukumiwa kulipa milioni 3 au kwenda jela mwaka mmoja.

Sasa ichukue ile barua uisome kama unavyosoma noti ya elfu kumi unayoitilia shaka.

Kifungu cha 32 cha sheria hiyo ndicho polisi wanachokiegemea mara nyingi. Kinamruhusu mkuu wa kituo cha polisi, au ofisa wa vyombo vya dola mwenye cheo kinacholingana naye, kutoa amri kwa mtu yeyote anayeshikilia data aitoe, pale data hiyo inapohitajika kwa upelelezi wa jinai au mashtaka. Kumbuka kwamba hapa hakutajwa hakimu. Wengi wanashangaa wakisikia hivyo, wanadhani lazima kuwe na kibali cha mahakama. Kwa amri ya aina hii si lazima, na anayekwambia "wafukuze hadi walete karatasi ya mahakama" anakutafutia matatizo.

Lakini amri yenyewe ina masharti, na hiyo barua yako inachechemea. Mamlaka amepewa mkuu wa kituo, kwa cheo chake. Barua iliyosainiwa "Kny" inaacha swali: huyo aliyesaini ana cheo gani, na mkuu wake aliiona? Pili, lazima kuwe na upelelezi wa jinai. Barua isiyo na namba ya jalada wala kosa haionyeshi kuwa kuna kitu kinachopelelezwa. Inawezekana kipo, na inawezekana pia mtu anadaiwa na mtu, na anayedai ana shemeji kituoni. Nimeshaziona barua za namna hiyo hapa Mbeya, na nyingine zilikufa zenyewe baada ya kuulizwa namba ya jalada. Tatu, "taarifa zote" si maelezo ya data. Ni kuvua kwa kokoro.

Kuna jambo jingine ambalo hata mawakili hulipita. Sheria ya Makosa ya Mtandao inazungumzia taarifa iliyo katika mfumo wa kielektroniki. Daftari lako la miamala, lile lenye jina la mteja, namba ya kitambulisho, kiasi na saini iliyopinda, ni karatasi. Kifungu cha 32 hakiligusi. Wakilitaka wanapaswa kupita njia ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, yenye taratibu zake za upekuzi na ukamataji mali. Ndiyo maana swali la "mnatumia kifungu gani" si ubishi wa kitoto, kwani daftari lina mlango wake na simu ina wake. Na hilo daftari lina wateja wengine mia kidogo ambao hawahusiki. Kama ukurasa mmoja ndio unaotakiwa, hakuna sababu kitabu kizima kiende kulala kituoni.

Kwa hiyo kabla ya Jumatatu andika barua, peleka kituoni mwenyewe nakala mbili, na moja igongwe muhuri wa kupokelewa. Maneno yawe machache: "Nimepokea barua yenu ya tarehe fulani. Niko tayari kutii amri halali. Naomba nijulishwe namba ya jalada, kosa linalopelelezwa, kifungu cha sheria kinachotumika, cheo cha ofisa aliyetoa amri, na aina na kipindi cha taarifa zinazohitajika. Kumbukumbu zote zimehifadhiwa na hakuna kilichofutwa. Kwa kuwa mimi ni wakala, nitaijulisha kampuni." Sentensi hiyo ya mwisho ni ya lazima. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, kifungu cha 98, inaweka wajibu wa usiri wa taarifa za wateja kwa watumishi wa mtoa huduma na kwa mawakala wake pia. Kampuni ina idara ya sheria inayopokea barua za polisi kila siku, na kumbukumbu za miamala inazo kuliko wewe. Mara nyingi jibu sahihi ni "ombeni kwa kampuni", na polisi wenyewe wanalijua. Wanakuja kwako kwa sababu kibanda hakina idara ya sheria.

Wakija na nguvu na kutaka kuchukua simu, usigombane. Waache wachukue, lakini dai hati ya ukamataji mali iliyoandikwa aina ya simu na namba zake za IMEI (namba za utambulisho wa simu yenyewe), shahidi huru awepo (mwenyekiti wa mtaa anatosha), na usisaini kabla hujaisoma. Andika pembeni ya saini yako kama kuna usichokubaliana nacho.

Kuhusu kunyamaza. Kumwambia mteja ni hatari: sheria hiyo ya 2015 inakataza kutoa siri za upelelezi unaohitaji usiri, na sitaki uwe wa kwanza Mafinga kupima mipaka ya katazo hilo. Mumeo, kwa heshima zake, naye asubiri. Ila hakuna sheria inayokuzuia kumwona wakili, na mazungumzo yako na wakili yanalindwa. Polisi akisema "hata wakili usimwambie", hilo ni lake yeye.

Sasa mahakamani. Utasikia watu wakisema kifungu cha 32 kinakanyaga Katiba, ibara ya 16 inayolinda faragha na mawasiliano ya mtu, na ibara ya 18 inayolinda mawasiliano dhidi ya kuingiliwa. Hoja ni nzuri, ila imeshapelekwa. Mwaka 2016 kampuni ya Jamii Media, inayoendesha JamiiForums, ilifungua shauri Mahakama Kuu Dar es Salaam kupinga vifungu vya 32 na 38. Mwaka 2017 majaji walikataa kuvifuta. Kabla ya hapo, wakili Jebra Kambole alikuwa ameishambulia sehemu kubwa ya sheria hiyohiyo. Mwaka 2016 alishinda kwenye kifungu kimoja tu, cha 50. Mimi sikubaliani na hukumu ya Jamii Media. Mkuu wa kituo kuwa mwombaji na mwamuzi wa ombi lake mwenyewe ni jambo ambalo Mahakama ya Rufani ingefaa kulitazama kwa jicho jingine. Lakini sikushauri uuze kiwanja chako Kinyanambo kugharamia mjadala huo.

Palipo na nafasi ni kwenye amri yenyewe. Ukiacha sheria kama ilivyo na kusema "amri hii imetolewa na asiye na mamlaka, bila kosa kutajwa, na imevuka mipaka", unaomba mapitio ya mahakama. Unaanza kwa kuomba kibali Mahakama Kuu, ndani ya miezi 6 tangu uamuzi unaoupinga, na kwako masjala ya Iringa ni karibu kuliko kunifuata mimi Mbeya. Ukihitaji kudai fidia, hiyo ni kesi ya madai dhidi ya Serikali na inatanguliwa na notisi ya siku 90. Na shauri la kikatiba chini ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi husikilizwa na majaji watatu, na mahakama inaweza kulikataa ikiona kuna njia nyingine ya kutosha ya kupata nafuu. Ndiyo sababu wakili mwangalifu haanzi huko.

Mteja wako naye ana njia yake, baadaye, akishtakiwa: kupinga ushahidi uliopatikana kinyume cha utaratibu. Apinge pale kielelezo kinapotolewa mahakamani. Akikumbuka wakati wa rufaa amechelewa.

Kuna mlango mpya pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake inapokea malalamiko. Sheria hiyo ina misamaha mipana kwa usalama wa taifa na upelelezi, kwa hiyo usiitegemee kumzuia polisi mwenye jalada. Inafaa zaidi pale kampuni inapotoa taarifa kienyeji. Na imeonyesha kwamba kushinda kunawezekana: Mei 2024, katika shauri la Tito Magoti, Mahakama Kuu iliona vifungu vya 22(3) na 23(3)(c) na (e) vya sheria hiyo ya 2022 haviko wazi, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha.

Nimeandika kirefu kuhusu barua kwa sababu moja. Katika ufuatiliaji wa siri, anayefuatiliwa hajui, na asiyejua hawezi kushtaki. Anayejua ni wewe uliyeshika karatasi. Afrika Kusini mwandishi Sam Sole aligundua kuwa simu yake ilisikilizwa baada ya vipande vya mazungumzo yake kujitokeza kwenye nyaraka za kesi nyingine. Shauri lake na amaBhungane, kituo cha uandishi wa habari za uchunguzi, lilifika Mahakama ya Katiba, ambayo tarehe 4 Februari 2021 iliamua kuwa sheria yao ina kasoro kwa kutomtaarifu mtu hata baada ya ufuatiliaji kwisha, ikaagiza ajulishwe ndani ya siku 90. Kwetu hakuna sharti kama hilo. Tazama madai kuhusu Tundu Lissu: kwamba taarifa za mahali simu zake zilipo zilipelekwa serikalini wiki chache kabla ya kupigwa risasi Dodoma, tarehe 7 Septemba 2017. Madai hayo yalisikika hadharani mwaka 2024, kwenye mgogoro wa kazi wa mchunguzi wa zamani wa kampuni ya simu, London. Ni madai, sisemi zaidi. Lakini angalia ni nani aliyeyatoa: mtu aliyekuwa ndani, upande wa walioombwa taarifa.

Swali lako la mwisho. Achana na ile *#21# inayosambazwa kwenye magrupu. Inaonyesha kama simu zako zimeelekezwa namba nyingine, basi. Usikilizaji halali hufanyika kwenye mtandao wa kampuni, simu yako haitakwaruza wala kupata joto. Na mara nyingi hawasikilizi. Wanachukua orodha ya simu ulizopiga, saa, muda, na mnara uliotumika. Orodha hiyo haina neno hata moja ulilosema, lakini inaonyesha ulikuwa Kinyanambo au umeingia porini Sao Hill, ingawa huko msituni mnara mmoja unaweza kubeba eneo kubwa, na wakili mzuri wa utetezi hulibana hilo.

Kusikiliza maneno yenyewe bila mamlaka ya kisheria ni kosa chini ya kifungu cha 120 cha ile Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010: faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote. Kwa usikilizaji katika upelelezi wa ugaidi, Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002 inamtaka polisi apate ridhaa ya maandishi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali kisha aombe amri mahakamani, ombi linalosikilizwa bila upande wa pili.

Unachoweza kukagua mwenyewe leo ni *106#, uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kwa wakala, namba usiyoijua humo ni tatizo la kweli na la haraka kuliko masikio ya Serikali.

Wakikujibu barua, nitumie picha ya kurasa zote pamoja na muhuri wa kupokelewa. Tumia simu ya mtu mwingine, hiyo ya kazi iache kama ilivyo. Namba za vifungu nilizotaja ni za sheria zilivyotungwa. Toleo jipya la sheria zilizorekebishwa limehamisha baadhi, kwa hiyo wakili wa Iringa azihakiki kabla ya kuziweka kwenye hati ya kiapo.