Maswali ya wasomaji: achari ya mayai na ya samaki

Swali: Mhariri, madukani naona chupa za mayai ya siki zimepangwa juu ya kaunta, wala haziko kwenye friji. Nikitengeneza yangu nyumbani naambiwa lazima yakae kwenye baridi. Siki si inatosha kuzuia kuoza?

Jibu: Haitoshi, na ndugu msomaji, hili ndilo jambo la kwanza kulishika kabla hujawasha jiko. Bakteria anayeogopwa hapa ni *Clostridium botulinum*. Mbegu zake hazifi kwa maji yanayochemka, na zikikuta mahali pasipo hewa wala asidi ya kutosha, yaani pH inayozidi 4.6 (pH ni kipimo cha uchachu: namba ikipanda, uchachu hupungua), huchipua na kutoa sumu inayopooza misuli. Siki iliyo nje ya yai ni chachu sana kwa bakteria huyo. Lakini kiini kina pH inayozidi 6, kimefungwa na ute, hakipati hewa, na siki huchukua siku nyingi kukifikia. Katika siku hizo ni baridi ya friji peke yake inayolinda kiini.

Mwaka 1997, huko Illinois, Marekani, mtu mmoja aliugua kwa sumu hiyo baada ya kula mayai aliyoyatia siki mwenyewe. Aliyatoboa kwa vijiti vya meno ili siki iingie haraka, kisha akaiacha chupa nje ya friji kwa siku 7. Maabara ilikuta sumu nyingi zaidi kwenye kiini kuliko kwenye siki. Kile kijiti ndicho kinachodhaniwa kuwa kilisukuma mbegu za bakteria hadi katikati ya yai.

Kwa hiyo usitoboe yai kamwe, hata kama mapishi uliyosoma yanakuambia utoboe. Yai lililopasuka hadi kiini kikaonekana, ulile siku hiyo hiyo. Chupa iingie kwenye friji yenye nyuzi 4 za Selsiasi au chini yake tangu siku ya kwanza, na mayai ya kuandalia wageni yasikae mezani zaidi ya saa 2. Yale ya dukani hutengenezwa kiwandani, ambako asidi hupimwa hadi ndani ya kiini. Nyumbani hakuna njia iliyothibitishwa ya kuyafanya yawe salama kukaa kabatini, hata ukichemsha chupa nzima.

Swali: Naomba vipimo vya mayai 12, na siku ya kuanza kula.

Jibu: Chukua mayai ya ukubwa wa kati yaliyokaa wiki moja hivi, yai bichi la jana humenyeka kwa shida na kutoka na vipande vya ute. Yapange kwenye sufuria bila kubanana, maji baridi yayafunike, yachemke kwa moto wa wastani dakika 12, kisha yahamishie kwenye maji ya barafu. Ukipitisha muda huo, kiini huzungukwa na utepe wa kijani: hauna madhara, ila haupendezi kama kiini cha manjano. Menya, suuza, kagua moja moja.

Chemsha chupa ya kioo ya lita 1 kwa dakika 10. Kwenye sufuria ya chuma cha pua au ya enameli tia siki mililita 350, maji mililita 150, chumvi vijiko 2 vya chai, sukari kijiko 1 cha chakula, pilipili manga nzima kijiko 1 cha chai na karafuu 4. Ikichemka, punguza moto kwa dakika 5. Sufuria ya alumini au ya shaba isitumike, maana siki huila. Panga mayai kwenye chupa ingali ya moto na umimine siki hiyo ya moto hadi yazame yote. Yai linaloelea na kuchomoza juu litaharibika kwanza.

Mayai madogo yaache wiki 1 hadi 2, ya kati na makubwa wiki 2 hadi 4. Yatumie kabla ya miezi 3 au 4 kwisha.

Swali: Siki gani? Ninayo ya kutengeneza mwenyewe, na nyingine ni kali sana, imeandikwa asilimia 80.

Jibu: Tumia yenye lebo ya asilimia 5. Ya kutengeneza mwenyewe iache kwa kachumbari, kwa sababu ukali wake haujulikani. Ile ya asilimia 80 huunguza koo na macho: pima sehemu 1 kwa sehemu 15 za maji, ukianza na maji ndipo uongeze siki, na utapata ya asilimia 5.

Swali: Ni kweli siki "inapika" samaki bila moto?

Jibu: Inageuza rangi ya nyama na kuikaza, basi. Mabuu ya mnyoo *Anisakis* yanaweza kuishi kwenye siki. Ukitaka samaki wa siki asiyepikwa, lazima kwanza agandishwe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7. Friza nyingi za nyumbani huishia nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa hiyo weka kipimajoto ndani usubiri kiseme. Kama haifiki, mpike.

Njia ya kupika ni hii, kwa kilo 1 ya minofu. Kata vipande vya sentimita 5. Loweka saa 1 kwenye maji lita 1 yenye chumvi gramu 75, umwage. Kisha loweka saa 12, ndani ya friji, kwenye maji lita 1 yenye chumvi gramu 180. Chumvi hii huvuta maji kutoka kwenye nyama. Ukiiruka, samaki atakuwa laini kama uji. Suuza. Chemsha siki mililita 750, maji mililita 350, haradali, pilipili manga na tangawizi kwa dakika 10, tia samaki, moto mdogo, hadi uma uingie kwa urahisi, karibu dakika 10. Mtoe, mtandaze kwenye sinia, apoe upesi kwenye friji. Pakia kwenye chupa pamoja na vitunguu, chuja ile siki, ichemshe tena, umimine kidogo kidogo juu ya chupa isiyo baridi, isije ikapasuka. Rudisha kwenye friji. Aliwe ndani ya wiki 4 hadi 6.

Jodari, vibua na dagaa waliokaa juani hutengeneza histamini, kemikali inayoleta dalili kama za mzio, na hiyo haiondolewi kwa kugandisha, kupika wala siki. Samaki wa achari awe yule ungemkaanga leo bila wasiwasi.

Swali: Siki yangu imekuwa na weupe kama wingu, si angavu tena. Niimwage?

Jibu: Weupe mwepesi kwenye siki mara nyingi hutokana na chumvi ya mezani au viungo vya unga. Kitunguu saumu kikigeuka bluu, ni asidi tu. Lakini ukiona mapovu yakipanda, kifuniko kimevimba, utelezi juu ya samaki au harufu ngeni, mwaga vyote bila kuonja. Sumu ya botulisimu, yaani ile ya bakteria tuliyemtaja mwanzo, haina harufu wala ladha, hivyo chupa iliyosahaulika nje usiku kucha itupwe hata ikionekana nzuri. Mtu akianza kuona vitu viwili viwili, kope zikalegea au akashindwa kumeza, hasa kati ya saa 12 na 36 baada ya kula, apelekwe hospitali mara moja na chupa ipelekwe pamoja naye. Dawa ya kuzuia sumu hiyo ipo, na huzuia kupooza kusiendelee mbele, kwa hiyo kila saa ina thamani.

Swali: Mayai yakiisha, naweza kutia mengine kwenye siki ile ile?

Jibu: Hapana. Mayai ya kwanza yameshainywa asidi yake.