Re: Uhasibu ni sayansi kama fizikia?

Mkuu, umeuliza kama nadharia ya uhasibu ni sayansi kama fizikia na kemia. Undugu upo, ila wa mbali. Lavoisier, mkemia wa Ufaransa, alikuwa pia kwenye biashara ya kukusanya kodi. Mwaka 1789 akaandika kwamba uzito kabla na baada ya mmenyuko wa kemikali ni ule ule. Si debiti na krediti hizo, pande mbili za hesabu ambazo lazima zilingane? (Pacioli wa Italia alishazichapa kitabuni 1494, naye mwanahisabati.)

Ila chuma cha daladala ya Mbagala kinaliwa na kutu upende usipende. Kwenye vitabu vya hesabu, gari hilo hilo lichakae (yaani gharama yake ikatwe kidogo kidogo kwenye faida) kwa miaka mitano au minane, hapo tunakubaliana watu tu. Badilisha makadirio ya miaka hiyo leo, faida inabadilika na gari halijaguswa.