Barua kwa mwanangu kuhusu mbwa wake

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako niliisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa ukumbini huku mama yako akinisikiliza. Umeniuliza ufanye nini na Doria, ambaye kwa miaka mitatu amelinda shamba lako la Bungi, huko Unguja, bila lawama, lakini ndani ya wiki tano hizi ameua kuku wanane wa yule bibi jirani yako, kisha akamuua na mbuzi wake jike aliyekuwa na mimba. Umesema majirani wanataka auawe, rafiki yako wa mjini yuko tayari kumchukua, na wewe mwenyewe moyo wako hautulii kwa hili wala kwa lile.

Katika barua yako mbwa amepata kurasa mbili na mbuzi amepata mstari mmoja. Mimi nataka tuanze na mbuzi.

Yule mbuzi alikuwa amefungwa kamba chini ya mwembe, kama tunavyofunga mbuzi wetu sote, na kwa hivyo hakuweza hata kukimbia. Mwenyewe alipofika alikuta ameshakufa, na unajua kwamba aliyeuliwa na mnyama namna hiyo haliwi, ila akiwahiwa angali na uhai akachinjwa. Hakupata nyama wala ngozi ya maana, na mtoto aliyekuwa tumboni amekwenda naye. Basi usimlipe kwa hesabu ya kilo za nyama. Mlipe thamani ya mbuzi mwenye mimba kwa bei ya soko ya siku ile, pamoja na kuku wote wanane, na ulipe mbele ya sheha ili lisije likabaki neno baadaye.

Umeandika kwamba hukuwepo siku ile, na kwamba mbwa ni mnyama asiye na akili. Maneno hayo hayakuondolei dhamana. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamelieleza jambo hili kwa uangalifu mkubwa: kwa kawaida mwenye mnyama hulipa kilichoharibiwa usiku, kwa sababu usiku ndio wakati wa kumfunga, lakini mnyama akishajulikana kuwa na mazoea ya kudhuru, hata akiwa paka anayekamata ndege wa watu, mwenyewe hulipa usiku na mchana. Kuku wa kwanza ungeweza kusema hukujua. Kuanzia wa pili ulikuwa unajua, na mbwa alikuwa bado anatembea ovyo. Sikwambii haya kukuumiza; nakwambia kwa sababu yule bibi ni mjane na mbuzi wale ndio akiba yake, na kabla hamjazungumza chochote kuhusu uhai wa Doria, haki yake iwe imeshafika mkononi mwake.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijapata kumweleza mtoto yeyote katika nyinyi. Kabla hujazaliwa nilikuwa na mbwa wa kulinda karafuu, maana msimu wa mavuno karafuu hulala nje kwenye majamvi na wezi hawalali. Alikuwa mbwa mzuri sana. Siku moja nilimwona akiwatazama bata wa jirani: alisimama kimya, mguu mmoja wa mbele ameuinua, masikio mbele, macho hayapepesi, na hakubweka hata kidogo. Kisha akatoka mbio. Hakuwa na hasira, na hakuwa na njaa, kwa sababu aliua bata wanne mmoja baada ya mwingine na hakula hata mmoja. Mbwa anayebweka na kuonyesha meno anakwambia uondoke, lakini mbwa anayenyamaza namna ile anawinda, na kinachomwamsha ni kile kitu kinachokimbia au kupapatika mbele yake. Mbuzi anayehangaika kwenye kamba yake, kwa macho ya mbwa, ni mawindo yanayojitikisa.

Mimi sikulifahamu hilo. Nilimwongezea dagaa nikidhani ni njaa. Nilimpiga nikiwa nimeshika bata aliyekufa, na kwa ushauri wa wazee nikamfunga yule bata shingoni kwa siku tatu mpaka akaoza. Alichojifunza ni kuniogopa mimi, basi. Kumpiga mbwa saa moja baada ya kosa hakumfundishi chochote, kwa sababu hawezi kuunganisha fimbo ya sasa na mbio za asubuhi. Alipomuua na mbuzi, nilifanya jambo ambalo mpaka leo linanichoma: nilimpa mtu wa kijiji cha mbali, nikamsifia ulinzi wake, na habari ya bata na mbuzi nikainyamazia. Miezi mitatu baadaye nilikutana naye sokoni. Mbwa alikuwa amewaua wanambuzi wawili wa watoto wake, mbele ya watoto wenyewe. Hakunitukana. Aliniambia neno moja tu: "Ungeniambia." Nilikwenda kumlipa, akapokea, lakini hakunikaribisha kukaa.

Kwa hiyo, kuhusu rafiki yako wa mjini, jibu langu ni hili: mwambie kila kitu, idadi ya kuku, mbuzi, na namna ilivyotokea, kisha umwache aamue. Muulize ua wake ukoje. Mjini hakuna mbuzi wengi, lakini paka wamejaa kila uchochoro, na mbwa aliyezoea kukimbiza hatauliza kama huyu ni kuku au paka. Akikubali baada ya kujua yote, na ana ua uliofungika, sina pingamizi. Akikubali kwa sababu hukumwambia, utakuwa umeihamisha hasara ya jirani yako ukampelekea mtu mwingine.

Kabla ya hapo mwite daktari wa mifugo wa wilaya amtazame. Mbwa aliyetulia miaka mitatu kisha akabadilika ghafla anahitaji kutazamwa kama ana maumivu, na zaidi ya yote kama ana dalili za kichaa cha mbwa: kutokwa na udenda, sauti kubadilika, kushindwa kumeza, kuuma hata vitu visivyo hai. Kwa maelezo yako sidhani kuwa ni hivyo, kwa sababu anawinda kwa utulivu na nyumbani ni yule yule. Lakini hukuniandikia kama amechanjwa, na ukimya huo umenitia wasiwasi. Sisi huku Pemba tumeujua ugonjwa huu. Chanjo za mbwa zilifanywa kijiji kwa kijiji tangu mwaka 2010 mpaka ukatoweka, na mwaka 2016 ukaingia tena. Kama kuna mtu yeyote aliyeumwa au kukwaruzwa na meno yake wakati wa kumtoa kwenye yule mbuzi, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, aende hospitali siku hiyo hiyo, na mbwa afungiwe na kuangaliwa siku 10. Hilo lisingoje barua yangu.

Akiwa mzima, na ukitaka kubaki naye, basi ujue unachokichukua. Mnyororo wa kutwa hautoshi. Mbwa anayeshinda amefungwa huzidi ukali, na siku kiungo kimoja kikikatika atatoka na nguvu zote alizolimbikiza. Jenga banda la seng'enge linalopita kimo cha mtu, na chini uzike hiyo seng'enge kiasi cha dhiraa moja ardhini, kwa sababu mbwa huchimba. Mlango ufunguke kwa ndani, ili akiusukuma asiufungue. Atoke asubuhi na jioni akiwa kwenye kamba fupi, mdomo umefungwa kwa kifungio kinachomwachia nafasi ya kuhema na kunywa maji, na aendeshwe hasa mpaka achoke. Usiku alinde ndani ya ua wako, si nje yake. Kuhasiwa kutampunguzia kuzurura, lakini hakutamwondolea kuwinda, na asikudanganye mtu kwa hilo. Mbwa mdogo anaweza kufundishwa akakua pamoja na mbuzi asiwaguse. Huyu wa zaidi ya miaka mitatu, aliyekwisha kuonja mbio na ushindi, mimi singemwamini peke yake karibu na mfugo tena maishani mwake.

Yapo mawili ambayo nakukataza kabisa. Usimpeleke ukamwache msituni, kama baadhi ya watu wanavyofanya wakadhani wamefanya huruma. Upande wa Jozani kuna paa nunga, ambaye nje ya Unguja hupatikana katika misitu michache tu ya pwani ya Kenya, na mbwa asiye na mwenyewe ni balaa kwa mnyama mdogo kama huyo. Na usikubali majirani wamtegee sumu. Sumu humtesa kwa saa nyingi, na kipande cha nyama kilichotegwa hakichagui mlaji.

Ukiona banda hilo huliwezi, kwa gharama au kwa sababu unashinda kazini na hakuna wa kumtembeza, basi mwite daktari amdunge sindano alale. Kumwua mbwa anayedhuru, kwa njia isiyo na mateso, si khiana kwake. Uwe naye mwenyewe, umshike kichwa, usimwachie kijana wa shamba kazi hiyo. Kisha mzike shimo refu, mbali na kisima.

Ukiniuliza mimi ningechagua lipi, ningejenga banda na ningemwambia yule bibi, mbele ya sheha, kwamba Doria akitoka mara moja tu, daktari ataitwa siku hiyo. Ahadi hiyo itakufunga wewe zaidi kuliko seng'enge. Naye akisema hawezi kulala usingizi mbwa yule akiwa hai karibu na mbuzi wake waliobaki, msikilize, kwa sababu yeye ndiye aliyeikuta ile kamba ikiwa na mbuzi aliyekufa.

Nitavuka kwa boti ya Jumamosi, inshallah, na nitakuja na msumeno wangu na nyundo. Nguzo zitafute wewe, za mkandaa kama utazipata. Fedha za mbuzi zikipungua niambie kabla sijaondoka Wete, usingoje nifike. Na mpaka tukutane, mbwa asitoke ndani.

Baba yako