Maswali ya Wasomaji: Moyo Unaodunda Kwenye Kisahani

Nasoma famasia hapa Dodoma. Tumefundishwa kwamba dawa mpya hupimwa kwenye seli za moyo zilizooteshwa maabara. Kwani panya wamekosa nini?
*Mwanafunzi, Ng'hong'hona*

Panya hana kosa, ila moyo wake unakimbia mno: mapigo 500 hadi 600 kwa dakika. Baada ya kila pigo hujituliza kwa milango ya potasiamu (vitundu kwenye utando wa seli) ambayo si ile tunayoitegemea sisi. Wetu unaitwa hERG. Dawa ikiuziba, pigo linachelewa kuisha, kipimo cha QT (muda wa umeme wa pigo moja) kwenye ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, kinarefuka, na mapigo yakivurugika mtu anaweza kuanguka akafa. Panya mdogo akipewa dawa hiyohiyo hashtuki. Terfenadini, dawa ya mzio, iliondolewa sokoni Marekani mwaka 1998 kwa sababu hiyo, wakati watu walikuwa wameshaitumia kwa miaka.

Seli zenyewe hazikatwi kwenye moyo wa mtu. Shinya Yamanaka wa Japani alionyesha, mwaka 2006 kwa panya na 2007 kwa binadamu, kwamba seli ya ngozi ikipandikizwa jeni nne hurudi uchanga, kisha huweza kuelekezwa iwe seli ya aina nyingine.

Siku ya 9 ya uoteshaji seli zetu zilidunda vizuri. Tulipozihamishia kwenye sahani ya elektrodi, inayonasa umeme wa seli, visima (vishimo vya kuwekea seli) vya pembeni vikawa na mapigo ya ovyo hata kabla ya dawa. Tumekosea wapi?
*Fundi sanifu wa maabara, Dodoma mjini*

Anzeni na hewa. Kiangazi cha Dodoma kinakausha kila kitu, na kisima cha pembeni ndicho hutangulia kupoteza maji. Chumvi inabaki, seli zinalalamika. Jazeni maji safi kwenye mfereji unaozunguka visima, na trei ya maji ya inkubeta (kabati la joto la kutunzia seli) ikaguliwe kila asubuhi. Tumieni maji yaliyokenekwa. Ya bomba la hapa yana chumvi, yataacha ukoko mweupe.

Pili ni mwinuko, jambo ambalo mwongozo wa kiwanda hausemi. Mji uko mita 1,100 na ushee juu ya bahari, kwa hiyo asilimia 5 ya kabonidayoksaidi ndani ya inkubeta hapa ina nguvu ya kama asilimia 4.4 pwani. Maji ya lishe yakigeuka kutoka wekundu kwenda waridi ya zambarau, yamekuwa na ubezi (kinyume cha asidi). Msikimbilie kuongeza gesi hadi 5.7, kwa sababu baadhi ya vihisi hujirekebisha vyenyewe. Pimeni pH kwanza, mnatafuta 7.4.

Upandaji nao una mtego. Tone la mikrolita 5 hadi 8 lenye seli kama 50,000 liwekwe katikati ya elektrodi zilizopakwa fibronektini (protini ya kushikisha seli), liachwe saa moja, ndipo maji ya lishe yaongezwe polepole ukutani mwa kisima. Ukimwaga kwa haraka, tone linahama na seli zinashika pembeni. Kisha subirini siku 5 hadi 7 zidunde kwa pamoja.

Kama ovyo iko hata visima vya kati, rudini kwenye uoteshaji. CHIR99021, kemikali ya kuanza kuelekeza seli ziwe za moyo, huwekwa siku ya 0 kwa saa 24, kati ya mikromola 6 na 12. Kila ukoo wa seli una kipimo chake, na hapo ndipo wengi huchemka kwa kunakili cha wenzao. Siku ya 3 ni kemikali ya pili, IWP2, mikromola 5, kwa siku mbili. Insulini isiguswe kabla ya siku ya 7, maana huzuia seli kugeuka moyo. Baadaye ondoeni glukosi mweke laktati kwa siku nne hivi: seli za moyo zinaishi nayo, nyingine nyingi zinakufa. Kundi ambalo seli zenye troponini T (protini ya misuli ya moyo) ni chini ya asilimia 80 sisi tungelitupa.

Siku ya kupima, sahani itulie dakika 20 kwenye nyuzi 37 kabla ya kurekodi. Mlango wa chumba cha kupimia ukiachwa wazi, baridi inarefusha pigo, nanyi mtaisingizia dawa. DMSO, kiyeyushi cha dawa, isizidi asilimia 0.1. Weka dofetilidi, dawa inayojulikana kuziba hERG, ya nanomola chache kama shahidi. Isiporefusha pigo, matokeo ya siku hiyo hayafai.

Si nafuu kupima mlango wa hERG peke yake?
*Msomaji, Manyoni*

Ni nafuu, lakini verapamili, dawa ya shinikizo la damu, ingefungwa bila hatia. Inaziba hERG, huku inaziba pia mlango wa kalsiamu, na mambo yanasawazishana. Seli nzima inaona yote mawili.

Baba anatumia dawa za kifua kikuu sugu na kila mara anapimwa ECG. Kama maabara walishapima, kwa nini mzee asumbuliwe?
*Msomaji, Kongwa*

Bedakwilini, klofazimini na moksifloksasini zote hurefusha QT, na zikitumika pamoja zinaongezeana. Kisahani hakina ini wala figo, wala hakijui kwamba baba ameharisha siku tatu na potasiamu imeshuka. Isitoshe, seli hizo bado changa, kama za moyo wa kichanga tumboni. QT iliyorekebishwa kulingana na kasi ya mapigo ikizidi milisekunde 500, daktari huamua dawa ipi isimame. Nyumbani msikatishe wenyewe. Siku ya kliniki mpelekeeni orodha ya kila dawa anayomeza, hata erithromaisini ya duka la jirani. Akizimia au moyo ukienda mbio ghafla, msisubiri tarehe ya kliniki. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo.