Muulize Fundi: Kampuni ikifilisika, programu zake ni za nani?

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu babu alituachia kompyuta ya Commodore Amiga 500 aliyopewa na padri Mjerumani. Haiwaki tena. Nimeweka emuleta ya FS-UAE kwenye laptop ili wanafunzi wangu waione ilivyokuwa, lakini ninahitaji faili la romu ya Kickstart, ile programu ya kuiwashia Amiga iliyohifadhiwa ndani ya chipu. Rafiki yangu anasema nipakue popote tu kwa kuwa Commodore ilishafilisika. Je, ni halali?
Mwalimu, Pasua, Moshi

JIBU: Marahaba, mwalimu. Pole kwa msiba wa babu.

Emuleta yenyewe isikutie hofu. Ni programu iliyoandikwa upya kuiga mashine. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa huko Marekani iliipa Connectix ushindi dhidi ya Sony katika kesi ya programu iliyoiga PlayStation.

Kazi iko kwenye romu. Fungua hiyo Amiga utazame chipu ndefu nyeusi yenye miguu 40, safu mbili. Humo ndimo inamokaa Kickstart. Toleo la 1.3 lina kilobaiti 256 tu. Udogo wake haupunguzi haki ya mwenyewe. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 1999 inazihesabu programu za kompyuta pamoja na vitabu na maandishi mengine.

Hoja ya rafiki yako naisikia sana hapa Arusha, na si kweli. Commodore ilifilisika 1994, sawa, lakini mwenye shamba akifa shamba haligeuki kuwa la kijiji. Mali zake zilinunuliwa na Escom ya Ujerumani mwaka 1995, kisha Gateway ikachukua 1997. Leo kampuni ya Cloanto inauza Amiga Forever, yenye romu hizo kwa leseni. Romu inakuwa ya bure pale tu mwenyewe anapotamka, kama kampuni ya Amstrad ilivyofanya 1999 iliporuhusu romu za kompyuta za ZX Spectrum zisambazwe pamoja na emuleta.

Kuhusu kunakili chipu ya babu: sheria ya Marekani, kifungu cha 117, inamruhusu mwenye nakala halali kujiwekea akiba. Hata huko, akiba hiyo si ya kuwagawia wanafunzi kwenye flashi.

Kwa darasa lako, mimi ningeanza na romu ya AROS, mbadala wa Kickstart. Imeandikwa upya na watu wa kujitolea, haina gharama, na inakuja ndani ya FS-UAE. Michezo kadhaa itagoma, hasa ya zamani zaidi. Ukiona inawakatisha tamaa watoto, nunua leseni. Naomba sana usiwafundishe historia ya kompyuta kwa faili la wizi. Watoto wanashika tunachofanya.

Flopi za babu usizichomeke kwenye kisomeo cha kawaida cha USB. Hakiwezi kusoma mpangilio wa Amiga wa kilobaiti 880. Tafuta kifaa cha kusomea flopi za aina hiyo kiitwacho Greaseweazle na draivu ya zamani ya inchi 3.5, na uzifute ukungu kwanza.