Kidonda cha mti hakiponi: maswali yenu kwa fundi wa miti

Fundi, nilikata tawi nene, nikapaka kidonda rangi kisioze. Huu mwaka wa pili, na pameanza kuoza. Nilikosea wapi?

Rangi haizuii kuoza. Mara nyingi hufungia unyevu ndani, na kuvu huupenda unyevu huo.

Sisi tukijeruhiwa, nyama mpya huota mahali pa ile iliyoharibika. Mti hauna uwezo huo. Huijengea kuta sehemu iliyoumia, kisha hukuza mbao mpya kuizunguka. Alex Shigo, mtafiti wa misitu wa Marekani, alipasua maelfu ya miti kwa msumeno wa mnyororo, na katika miaka ya 1970 akazieleza kuta hizo. Nawe ukipata shina kuukuu lililopasuliwa, litazame: alama nyeusi ya tawi la zamani imo mle mle, mbao safi zimeizunguka, na mpaka kati yao ni mwembamba kama uzi. Kwa hiyo kila unapokata, mti utakaa na kidonda hicho maisha yake yote. Hilo hunifanya nisimame kwanza kabla ya kuwasha msumeno.

Sasa chunguza ulipokata. Tawi linapotoka kwenye shina pana uvimbe uliokunjamana kama shingo, na kinga ya mti imo humo. Ukikata sawa na shina, umeiondoa. Ukiacha kigutu kirefu, kitakauka na kuoza. Kata nje kidogo tu ya uvimbe, basi.

Tawi lilianguka kabla sijamaliza kulikata, likachuna gome hadi chini.

Pole. Tawi zito hukatwa mara tatu. Anza kwa chini, kama sentimita 30 kutoka shinani, uingie theluthi moja ya unene wake. Sogea mbele kidogo, mbali na shina, ukate kwa juu mpaka lianguke. Kigutu kilichobaki ndicho unachokimalizia kwenye uvimbe.

Jirani anaogopa urefu wa mti wetu, anataka tuukate kichwa.

Nakusihi usikubali. Mti utaota machipukizi mengi ya haraka, yaliyoshikilia juu juu tu, na yakishanenepa ndiyo yatakayovunjwa na upepo. Hofu ya jirani utakuwa umeiongeza. Majani ndiyo jiko la mti. Usiondoe zaidi ya robo kwa mwaka, na mti mzee umwonee huruma zaidi. Mwite fundi apunguze matawi machache, kila moja kwenye maungio yake.

Mti wetu unakauka kuanzia juu, wala sioni wadudu. Tunaegesha magari chini yake.

Ningeanza na hayo magari. Karibu nusu ya udongo mzuri ni nafasi tupu za hewa na maji, na mizizi mingi inayonyonya imo katika sentimita 30 za juu, tena husambaa kupita kivuli cha matawi. Magari yanazifunga nafasi hizo. Chomeka bisibisi ardhini baada ya mvua: ikigoma kuingia, mizizi nayo inakosa pumzi. Hamisha magari, tandaza majani makavu au vipande vya mbao unene wa sentimita 5 hadi 10, usiegemeze kwenye shina. Usitegemee mabadiliko msimu huu. Udongo hurudi polepole.

Mche wangu umefungwa kwenye nguzo miaka mitatu sasa. Niuache?

Fungua leo. Shina hunenepa kwa kuyumbishwa na upepo. Na uikague ile kamba, isije ikawa imeshaanza kuzama kwenye gome.