Kabla Hujaandika Kwamba Mchoraji Amekomaa

Mwaka wangu wa kwanza galarini niliandika kwenye kijitabu cha maonyesho kwamba kazi za mchoraji wetu "zimekomaa". Mteja mmoja, mzee mtaratibu mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, akaniuliza: zimekomaa wapi? Hakusema vipi, alisema wapi. Akajisogeza kando ili nimwonyeshe ukutani. Sikuwa na pa kumwonyesha.

Aliyeniokoa ni mama aliyekuwa mwenye galari. Aliacha kifurushi alichokuwa akifungua, akaja na kisu bado mkononi, akamwelekeza mzee kwenye picha ya makanga, yaani kondakta wa basi la matatu. "Tazama mikono, baba." Kisha akatoa stoo picha mbili za miaka mitatu nyuma za mchoraji huyohuyo. Katika ya kwanza makanga alikuwa ametia mikono mfukoni, na katika ya pili mikono ilikuwa nyuma ya mlango wa gari. Kumbe kijana alikuwa hawezi kuchora mikono, akawa anaificha, na sisi tulidhani ni mkao wa kimakanga tu. Kwenye picha mpya mkono ulikuwa mbele kabisa, noti zimekunjwa kwa urefu zikachomekwa katikati ya vidole, na kila kidole kina uzito wake. Mzee akaitoa miwani kifuani, akaivaa. Alinunua.

Kwa hiyo wewe uliyeanza kazi hii juzi na umeambiwa uandike tathmini ya mchoraji wa watu, kompyuta iache kwanza. Omba usaidiwe kushusha picha zote zilizopo, uzipange sakafuni kwa mwaka, ya zamani kabisa mlangoni. Kabla ya kuzigeuza, soma migongo: tarehe, aina ya turubai, kama mbao za fremu ni za fundi au za kuokoteza, kama kuna picha nyingine iliyofutwa chini. Mgongo wa picha hauna maringo. Picha za kwenye simu zitakudanganya kuhusu ukubwa, na ukubwa ni nusu ya habari. Mtu aliyechorwa kwa sentimita 40 na mtu aliyechorwa kwa mita 2 hawamtazami mtazamaji kwa namna moja.

Ukishazigeuza, usitafute alichoongeza. Hilo kila mtu hulikimbilia: ameongeza rangi, ameongeza watu, ameongeza siasa. Tafuta alichoacha, na hasa kitu alichokiweza sana akakiacha. Hapo ndipo pana gharama, na penye gharama ndipo utakapopata la kuandika.

Chukua mchoraji Michael Armitage, maana kazi zake zimeandikiwa sana na unaweza kunipinga. Alizaliwa Nairobi 1984, akasoma London, chuo cha sanaa cha Slade kisha shule ya sanaa ya Royal Academy aliyoimaliza 2010. Mtu wa mafunzo hayo anaijua turubai kama mpishi ajuavyo sufuria yake. Akaiacha. Badala yake alichukua lubugo, nguo ya magome ya mti wa mutuba itengenezwayo na Waganda wa Buganda, Uganda, aliyokutana nayo ikiuzwa kwa watalii sokoni Nairobi. Gome huchunwa msimu wa mvua na kupondwa kwa nyundo za mbao hadi lilainike, na Buganda nguo hiyo ndiyo sanda. Kama hujawahi kuishika, nenda ukaishike. Ina matundu, ina mishono, ina makovu yaliyonyauka. Brashi ya rangi ya mafuta haiwezi kupita juu yake ikajifanya haijaona. Katika picha zake tundu huweza kuangukia kwenye mwili wa mtu, na huo mwili ukaonekana umepata jeraha ambalo hakuna aliyelichora.

Watu wengi huishia hapo: "anatumia lubugo, anaenzi Afrika". Ni uvivu. Lubugo yupo nayo miaka mingi sasa, kwa hiyo peke yake haielezi mabadiliko yoyote. Weka kando kwa kando picha ya 2015 iitwayo #mydressmychoice na ile ya 2022, Curfew (Likoni March 27 2020). Ya kwanza ilitokana na yule mama aliyevuliwa nguo hadharani Nairobi, Novemba 2014. Mwili ni mmoja, umelala umetupa mgongo, mkao umeazimwa kwa Velázquez, mchoraji wa kale wa Uhispania, na juu yake imesimama miguu ya wanaume. Wewe mtazamaji unajua umesimama wapi, hata kama hupapendi: upo upande wa pili, unatazama. Ya pili ni siku ile polisi walipowavamia watu kivukoni Likoni, Mombasa, siku ya kwanza ya kafyu ya korona. Hapo hakuna mwili mmoja wa kuushikilia.

Kati ya hizo mbili kuna uchaguzi wa 2017. Armitage alifuatana na wanahabari wa televisheni kwenye mkutano wa upinzani Uhuru Park, na kazi zilizotokana na siku hizo zikafika maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya Venice 2019. Nikiziangalia, naona mchoraji ameachana na simulizi ya mtu mmoja, jambo alilolimudu vizuri kupita wenzake wengi, akaingia kwenye umati ambako ni rahisi sana kuboronga. Na mahali pengine ameboronga, kwa jicho langu. Kuna pembe za picha ambamo rangi inafanya kazi ambayo watu waliochorwa walipaswa kuifanya. Andika na hilo. Tathmini isiyo na "lakini" ni tangazo.

Bei iache kabisa. Picha yake The Conservationists, ya 2015, iliuzwa mnadani New York Novemba 2019 kwa zaidi ya dola milioni 1.5, ilhali ilikadiriwa dola 50,000 hadi 70,000. Simu zililia wiki nzima. Picha yenyewe haikuwa imebadilika hata nywele moja tangu 2015.

Ukipata maonyesho yanayokusanya kazi za maisha mazima ya mtu, funga ofisi uende. 2022 taasisi ya sanaa ya NCAI (Nairobi Contemporary Art Institute), aliyoianzisha Armitage mwenyewe hapa Nairobi, ilionyesha kazi za Sane Wadu, mwalimu aliyeacha chaki akawa mchoraji, watu wakamwita kichaa, naye akajiita Sane, Kiingereza cha "mwenye akili timamu". Nilienda mara tatu. Mara ya tatu nilitembea kinyumenyume, kutoka kazi mpya kurudi za zamani, na nakushauri ufanye vivyo hivyo hata kama walinzi watakutazama.

Studioni kwa mchoraji, ukikaribishwa chai, kunywa, halafu omba kuona zilizoharibika. Zile nzuri ameshazipanga mbele kwa ajili yako. Zilizogeuziwa ukuta ndizo zinasema anakojaribu kwenda.

Sasa yule kijana wa makanga. Baada ya picha ile ya noti tuliuza kumi na moja mfululizo, vibandiko vyekundu vya "imeuzwa" kabla hata juisi haijamiminwa. Galari inachukua asilimia 40 ya bei ya kila picha, fanya hesabu. Kwa hiyo kila alipokuja na kitu kingine, mimi, wala si yule mama, ndiye niliyekuwa nikimwambia: "Hizi ziweke kidogo. Tuletee mikono." Akaleta mikono. Ya muuza mahindi, ya fundi viatu, ya mama mwenye rozari. Ilipofika ya kumi na kitu nilizipanga sakafuni na kuona ni mkono mmoja uleule, vidole vilevile, pindo lilelile la kidole gumba. Mkono uliokuwa ushindi wake umegeuka kuwa mfuko mpya wa kujifichia, na mshonaji wa huo mfuko nilikuwa mimi. Nilimpigia simu kumwambia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, si mlisema mnaitaka?"

Hakuleta kitu kwa miaka miwili. Juzi amekuja na picha tano. Watu wamekaa kituoni wakisubiri gari, nyuso zimechorwa kwa subira ambayo hakuwa nayo, na kila mkono unakatika kwenye kiganja, pameachwa turubai tupu. Mbili kati ya hizo naamini. Tatu sina hakika kama ni ujasiri au ni kisirani, na sijaziandikia neno. Moja nimeitundika ofisini mkabala na birika la chai, nione itakuwaje nikiipita kila siku mwezi mzima.